Mwenyekiti na Mwongoza Kikao: Uhakiki wa Istilahi za Uongozi wa Mikutano

Wachunguzi wa istilahi za Kiswahili wameshughulikia zaidi msamiati wa sayansi na ufundi, wakayaacha kando maneno ya utawala yaliyokwisha kuota mizizi. Maneno hayo hudhaniwa kuwa hayana utata kwa sababu kila mtu huyatumia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina wanayopewa viongozi wa mikutano na kamati yamebeba dhana mahususi za mamlaka, na kwamba kutozipambanua dhana hizo kuna madhara.

Neno la kuanzia ni mwenyekiti. Wako wanaolibeza kuwa ni tafsiri sisisi ya Kiingereza tu. Hoja hiyo haitoshelezi. Hata ikiwa Kiingereza ndicho kilichochochea kuundwa kwa neno hili, Waswahili walikwisha kukijua kiti kuwa alama ya daraja: viti vya enzi vya Lamu na Pate, vya mpingo uliotiwa njumu za pembe, havikuwa vya kukaliwa na kila ajaye. Isitoshe, neno lenyewe halibagui jinsia. Kiingereza kimelazimika kutafuta neno jipya ili mwanamke asiitwe mwanamume, na Katiba ya Kenya ya 2010 imelitumia neno hilo jipya. Kiswahili hakikuhitaji marekebisho hayo.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika wingi wake. Mwananchi huwa wananchi, na mwanachama huwa wanachama. Sehemu ya pili ya neno haibadiliki. Mwenyekiti, kinyume chake, huwa wenyeviti. Tofauti hii haikuzuka kwa nasibu. Wananchi wengi huwa na nchi moja, na wanachama wengi huwa na chama kimoja, lakini kila mwenyekiti ana kiti chake. Umbo la wingi linaonyesha kuwa msemaji bado anakiona kiti ndani ya neno. Kwa hiyo viongozi wawili wanapoiongoza kamati moja, kama ilivyokuwa katika Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa nchini Kenya mwaka 2023, istilahi ya wenyeviti wenza inawapa viti viwili mahali ambapo mamlaka ni moja. Sarufi hapo haiafikiani na muundo wa kamati.

Wasaidizi wa mwenyekiti nao wana taswira yao. Makamu na kaimu ni maneno ya Kiarabu yatokanayo na mzizi mmoja wenye maana ya kusimama. Basi mkubwa amekaa, na wanaomsaidia au kumshikia nafasi wamesimama. Katibu, kwa asili yake, ni mwandishi. Spika lilikopwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, nalo halileti taswira yoyote kwa msikilizaji wa Kiswahili. Ni cheo kitupu.

Uhusiano wa rais na mwenyekiti unadai uangalifu zaidi. Rais, neno la Kiarabu lenye asili ya kichwa, lilitumika kwa mkuu wa chama na kwa mkuu wa nchi pia: Julius Nyerere alikuwa Rais wa TANU, kama vile Jomo Kenyatta alivyokuwa Rais wa KANU. CCM ilipoundwa mwaka 1977, Nyerere aliitwa Mwenyekiti wa chama. Alipoacha urais wa nchi mwaka 1985, aliendelea na uenyekiti hadi 1990. Kuwapo kwa majina mawili kuliwawezesha wananchi kuzitaja kwa uwazi mamlaka mbili zilizokuwa mikononi mwa watu wawili. Hapa istilahi ilifanya kazi ya kikatiba.

Upambanuzi wa namna hiyo ndio unaokosekana katika mikutano ya kawaida. Neno mwenyekiti hutumika kwa mwenye cheo cha kudumu na pia kwa mjumbe aliyeteuliwa asubuhi hiyo kuongoza kikao kwa kuwa mwenye cheo hakufika. Kumbukumbu zikiandika kwamba mwenyekiti aliamua jambo fulani, msomaji wa baadaye hawezi kujua ni yupi aliyeamua, wala kama alikuwa na mamlaka ya kuamua. Aidha, kipashio mwenye ni cha umilikaji: mwenye duka, mwenye shamba, mwenye nyumba. Jina lenyewe humpa kiongozi haki ya mmiliki juu ya kitu alichokabidhiwa na wenzake kwa muda, na si ajabu kwamba katika siasa za Kenya kiti huwaniwa, hunyakuliwa, na hung'ang'aniwa.

Haifai, hata hivyo, kulitupa neno lililokubalika kote. Linalohitajika ni kulipa mipaka. Mwenyekiti libaki kuwa jina la cheo, na anayeendesha mjadala wa siku moja aitwe mwongoza kikao, neno ambalo lina kitenzi ndani yake na ambalo kazi yake hukoma kikao kinapofungwa. Waandishi wa katiba za vyama na wafasiri wa kanuni wakiufuata upambanuzi huu, itakuwa rahisi kumuuliza kila kiongozi ni nani aliyemweka pale alipo, na kwa muda gani.