Mrabaha wa Marehemu: Deni au Haki?

Tumeisoma tafsiri ya nyaraka za mirathi zilizotoka Texas, Marekani. Humo warithi wanatakiwa "kushughulikia mrabaha wa marehemu katika kisima cha mafuta". Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari, lakini msomaji wa Tanzania ataielewa kinyume.

Kwetu madini ni mali ya umma. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mrabaha ni malipo ambayo mchimbaji huilipa Serikali. Mwaka 2017 kiwango cha dhahabu kilipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Kwa hiyo "mrabaha wa marehemu" husikika kama deni aliloliacha. Texas mambo ni mengine: mtu binafsi huweza kumiliki madini yaliyo chini ya ardhi, hata kama ardhi ya juu ni ya mwingine. Kampuni inayochimba humpa fungu la mapato. Akifa, kampuni huweza kuzuia malipo mpaka hati zithibitishe ni nani aliyerithi. Mrithi anayedhani anadaiwa hatajitokeza kudai.

Neno mrabaha lenyewe hatulikatai. Mwandishi wa kitabu hulipwa mrabaha na mchapishaji, na hakuna anayeshangaa. Kilichokosekana ni neno haki. Tunapendekeza "haki ya mrabaha" kwa kile kinachorithiwa, na "mrabaha" kwa fedha zinazotokana nacho. Tofauti hii si pambo. Kwa sheria ya Texas haki hiyo, kisima kikiwa bado kinatoa mafuta, huhesabiwa kuwa mali isiyohamishika. Fedha zilizokwisha kulipwa ni mali inayohamishika.

Kosa la pili linatokana na kutoiona tofauti hiyo. Marehemu akiwa alikuwa mkazi wa jimbo jingine, shauri la mirathi hufunguliwa kwanza huko alikokaa, kisha hatua nyingine hufuatwa yaliko madini, kwa kuwa ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Mfasiri ameiita hatua hii "rufani ya mirathi". Rufani hukatwa na asiyeridhika na hukumu. Hapa hakuna hukumu inayopingwa. "Usimamizi wa mirathi wa nyongeza" ungetosha, maana "usimamizi wa mirathi" ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika mahakama zetu.

Haki itendeke pia kwa mfasiri. Ametenganisha vizuri wasii, aliyetajwa na marehemu katika wosia, na msimamizi wa mirathi, aliyeteuliwa na mahakama pasipo wosia. Wengi huwachanganya wawili hawa.

Wito wetu kwa wafasiri na watumishi wa mahakama ni huu: kabla ya kuchagua istilahi, ulizeni nani anamlipa nani. Kamusi itawapa neno. Jibu la swali hilo ndilo litakalomfikishia mrithi mali yake.