Machozi Mbele ya Kamera

Aprili 2014, msanii Amalia Ulman, mzaliwa wa Argentina aliyekulia Hispania na kusomea sanaa London, alifungua kazi yake Excellences & Perfections katika ukurasa wake wa Instagram. Picha ya kwanza haikuwa na sura yake. Yalikuwa maandishi tu, yakitangaza kuwa hii ni sehemu ya kwanza. Tangazo la maigizo lilikuwa peupe, lakini wafuasi, ambao baadaye walizidi 60,000, walimwamini miezi kadhaa.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Binti mgeni Los Angeles anatafuta umaarufu, anaachana na mpenzi, anaishi kwa pesa za wanaume, anaongeza matiti kwa upasuaji, anaporomoka, anaomba radhi, anapona. Nguvu ya kazi hii imo katika umbo lake.

Chukua picha za upasuaji. Tunaona bandeji kifuani. Upasuaji wenyewe haupo popote, wala haukufanyika. Kila picha peke yake haina uongo mkubwa: bandeji ni bandeji kweli, kitanda ni kitanda. Uongo umekaa kati ya picha na picha, katika pengo ambalo mtazamaji analijaza mwenyewe, na jambo ulilojikamilishia mwenyewe ni vigumu kulitilia shaka. Tena pengo hilo lilipimwa kwa siku halisi. Sinema huisha kwa saa mbili na unatoka ukumbini ukijua umetazama sinema. Hapa bandeji ilitokea kwenye simu ya mfuasi, katikati ya picha za harusi ya binamu na mtoto mchanga wa rafiki, halafu siku zikapita, kama zinavyopita kidonda kinapopona. Muda wa hadithi ukawa muda wa msomaji wake.

Mavazi na rangi vilibadilika kwa hatua: mwanzoni waridi, maua na upole, kisha pesa na majivuno, mwishoni yoga na chakula cha afya.

Kilele, kwangu, ni kuomba radhi. Baada ya video ya kulia, yule binti aliwaomba wafuasi wake msamaha kwa jinsi alivyokuwa akiishi. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha 1959 kuhusu namna watu wanavyojionyesha wao kwa wao, alitofautisha jukwaani na nyuma ya pazia. Ulman alilifungua pazia, na nyuma yake kulikuwa na jukwaa jingine. Tulikwisha kujifunza kuishuku picha iliyopambwa. Hatujajifunza kulishuku chozi. Kwetu, anayejipamba mtandaoni huambiwa anauza sura. Anayelia mbele ya simu huambiwa pole, na kuanzia hapo kila asemalo lina uzito mpya. Ndiyo maana nafsi ya bandia humaliza ujenzi wake kwa toba: toba huyageuza ya nyuma yote kuwa kweli, kwani nani hujutia maisha ambayo hakuyaishi?

Wapo wanaoisoma kazi hii kama kejeli kwa wasichana wanaopenda kujionyesha. Sikubaliani nao, na usomaji huo unaniudhi. Kejeli humwacha mtazamaji salama, akicheka kutoka pembeni. Ulman alimweka mtazamaji ndani, kwa matusi yake na kwa huruma yake pia; maoni ya wafuasi chini ya picha ni sehemu ya kazi.

Mwaka 2016 picha hizo zilitundikwa katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, katika maonyesho ya Performing for the Camera. Naona ukutani zilipoteza kiungo chake kikuu. Mtu aliyezitazama pale aliambiwa tangu mlangoni kwamba ni sanaa, akaona mwanzo na mwisho kwa mtupo mmoja wa jicho, bila kungoja siku hata moja. Taasisi ya Rhizome, iliyohifadhi ukurasa wenyewe pamoja na maoni ya watu, ilielewa vizuri zaidi kwamba kazi ya Ulman haiwezi kutenganishwa na wale walioiamini.