Kalamu na Ofisi: Uongozi wa Asasi na Muundo wa Riwaya za Goretti Kyomuhendo

1.0 Utangulizi

Ni kawaida kuuona uongozi wa asasi ya sanaa kuwa mzigo unaompunguzia mwandishi muda wa kutunga. Makala haya yanaupima mtazamo huo kwa kumrejelea Goretti Kyomuhendo wa Uganda. Riwaya yake ya kwanza, The First Daughter, ilichapishwa mwaka 1996, mwaka uleule kilipozinduliwa FEMRITE, Chama cha Waandishi Wanawake wa Uganda. Yeye ni miongoni mwa waasisi wake, na alikuwa mratibu wake tangu 1997 hadi 2007. Mwaka 2009 alianzisha African Writers Trust, asasi inayowaunganisha waandishi walioko Afrika na walioko ughaibuni. Tunadai kwamba dhima hizi mbili zifaa zisomwe pamoja, lakini kwa tahadhari.

2.0 Kutoka Mhusika Mmoja hadi Jamii

Secrets No More (1999) inamfuata Marina, msichana wa Rwanda anayenusurika mauaji ya familia yake na kukimbilia Uganda. Masaibu yote yanamwelemea yeye. Wahusika wengine wapo zaidi kwa ajili ya kumdhuru au kumwokoa. Waiting (2007) imejengwa kwa namna nyingine. Alinda anasimulia siku za mwisho za utawala wa Idi Amin mwaka 1979, familia na majirani wa Hoima wanapojificha usiku migombani wakiwasubiri wakombozi kutoka Tanzania. Nafsi ya usimulizi ni moja, ilhali uzito wa matukio unagawanywa baina ya bibi Kaaka, jirani Nyinabarongo na mwanamke Mlendu, mgeni anayeshukiwa ingawa dawa zake za mitishamba zinahitajika. Maarifa ya kuishi yamo katika mazungumzo yao.

Mabadiliko haya yanaoana na muongo wa kazi miongoni mwa wanawake waliosomeana miswada. Hata hivyo, kuoana si kusababishwa: Kyomuhendo alisomea pia uandishi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, na mbinu huenda ilitoka huko.

3.0 Mamlaka ya Kuchapisha

Suala gumu zaidi ni la kitaasisi. Secrets No More ilichapishwa na FEMRITE wakati mwandishi wake akiwa mratibu. Riwaya hiyo ilipata tuzo ya kitaifa, na Waiting ikachapishwa na The Feminist Press ya New York. Hivyo ubora wake ulithibitishwa nje ya chama. Lakini uthibitisho huo ulikuja baadaye, na haujibu swali la nani anayeupima mswada wa kiongozi. Kwa upande wa pili, mlango huohuo uliwapitisha wengine, akiwamo Mary Karooro Okurut na The Invisible Weevil (1998). Monica Arac de Nyeko, mwanachama, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007.

4.0 Hitimisho

Kwa hiyo ofisi haikuiua kalamu, ingawa iliipa mamlaka yanayohitaji kuhojiwa. Funzo hili linatuhusu hata sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Mwandishi chipukizi wa Msanzi, Ufipa, kabla ya kumtafuta mchapishaji, anahitaji wenzake wa kuusoma mswada wake na kumweleza ukweli. Atakayeanzisha chama cha aina hiyo Sumbawanga aanze na kanuni moja: mswada wa mwenyekiti usomwe na wasio chini yake.