Wavulana Watatu wa Ziwa Lisilokuwepo

Ndugu msomaji, najua utaniuliza: jarida la mashairi na hadithi, picha za kamera zinatafuta nini humu? Subiri kidogo. Kijiweni kwetu tumebishana sana kuhusu fani na maudhui, mpaka wengine tumenuniana, na mimi naona picha moja tu inaweza kuturudisha kwenye ubishi huo vizuri zaidi kuliko riwaya tatu.

Picha yenyewe ni ya Martin Munkácsi, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1896, aliyepiga sana picha za michezo Budapest kabla ya kuhamia Berlin mwaka 1928 na kufanya kazi na gazeti la picha la Berliner Illustrirte Zeitung. Aliipiga mnamo 1930 hivi. Wavulana watatu wanakimbilia majini. Tunawaona kwa nyuma, miili imegeuka vivuli vyeusi, na mbele yao kuna povu jeupe la wimbi. Basi. Hakuna mti, hakuna mtumbwi, hakuna sura ya mtu. Imezoeleka kwa jina la “Wavulana Watatu Ziwa Tanganyika”.

Sasa mimi ni mtoto wa Kigoma. Siku nilipoiona, kwenye kitabu cha kuazima, nilitembea kifua mbele wiki nzima. Ziwa letu, bwana!

Wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kupiga picha, na kichwani nilikuwa na kanuni moja: gawa fremu mafungu matatu kwa urefu na matatu kwa upana, kisha weka kitu chako pale mistari inapokatana. Kanuni ya theluthi. Kila anayeanza huanzia hapo, na simu nyingi zina mistari hiyo tayari kwenye kioo. Jina la kanuni hiyo liliandikwa na mchoraji wa Kiingereza, John Thomas Smith, mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari, zaidi ya miaka arobaini kabla uvumbuzi wa Daguerre haujatangazwa Paris mwaka 1839. Si kanuni mbaya. Ila mchoraji akitaka mlima usogee kushoto, anausogeza. Mpiga picha atamsogezaje mtoto anayekimbia?

Nilienda Kibirizi, kule wanakoanika dagaa, nikawaomba watoto waliokuwa wanaoga wakimbie kuelekea majini. Mstari wa maji nikauweka theluthi ya juu, barabara kabisa. Wakakimbia, nikabonyeza. Picha ikatoka safi, tena haina kosa, ila imekufa. Mama mdogo akaitazama, akasema, “Mbona huyu umemkata miguu? Na huyu mwingine ana mikono mitatu?” Kweli, watoto walikuwa wamepandana. Mkono wa mmoja ulionekana umeota begani kwa mwenzake, na kichwa cha wa tatu kilikuwa kimezama kwenye ubavu wa mtumbwi nyuma yake.

Ndipo nikarudi kwa Munkácsi na macho mengine. Jaribu na wewe ukiipata: usiwatazame wavulana, tazama nafasi zilizo kati yao. Ule mwanga unaopita chini ya kwapa, katikati ya miguu, kati ya mgongo na mgongo, ndio unaoibeba picha. Hata pale miili inapokaribiana, kila kiungo kinasomeka. Povu limefanya kazi ya karatasi nyeupe chini ya wino. Na mpigaji hakuwapanga kama askari wa gwaride. Alikuwa na jicho la mtu aliyewasubiri sana wachezaji wa mpira warukie kichwa. Anajua miili itakuwa wapi kabla haijafika. Hilo halimo kwenye mistari ya kioo.

Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyekuwa amejifunza uchoraji kwa André Lhote, aliiona picha hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa kijana asiyejua bado afanye nini na maisha. Alieleza baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyomtoa ndani na kamera kwenda mtaani. Mwaka 1932 akapiga ile ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare. Vijana wanaomwabudu kwa kusisitiza kwamba picha haikatwi, imetoka kamerani imetoka, wakumbuke kwamba hiyo aliipiga kupitia upenyo wa uzio, ubao ukaziba upande wa kushoto, naye akaukata. Nasema hivi kwa sababu wapo wenzetu wanaoona haya kufuta aya.

Lakini sikuja kumsifu Munkácsi tu. Waliofuatilia safari zake wanasema picha ile ilipigwa kwenye ufuko wa bahari, nchini Liberia. Siyo Ziwa Tanganyika! Kutoka Monrovia hadi Ujiji ni bara zima. Niliposoma hivyo nilijisikia kama mtu aliyeambiwa yule mjomba aliyekuwa akijivunia si wa ukoo wao. Kisha nikajiuliza swali gumu zaidi: mbona mimi, mtoto wa Kigoma, sikushtuka? Nimeogelea ziwani tangu nikiwa na miaka minne, na nimetazama wimbi lile mara mia. Sikushtuka kwa sababu picha haikunipa pa kushikia. Hakuna sura, hakuna chombo, hakuna mlima wa Kongo ng'ambo. Usafi ule ule wa mpangilio ninaousifu ndio uliowezesha wavulana wahamishwe kutoka bahari hadi ziwa, na watu wasihoji kwa miaka mingi. Anayesema fani ni gunia tu la kubebea maudhui aje anieleze hapo.

Wengine watasema natafuta ugomvi, kwamba picha nzuri haihitaji anwani. Hebu ilinganishe basi na “Nuit de Noël” ya Malick Sidibé, ya mwaka 1963, Bamako. Kijana aliyevaa suti na msichana asiye na viatu wanacheza dansi, vichwa vinakaribia kugusana, macho yako miguuni. Sura hazionekani vizuri hapa pia. Mpangilio ni wa ajabu: miili miwili inaegemeana juu, inaachana chini, na kwenye pengo hilo ndimo muziki ulimo. Tofauti ni kwamba Sidibé aliwafahamu vijana wale. Alikuwa akitoka kwenye dansa usiku, anasafisha picha, kisha anazionyesha ili wenyewe waje wajitafute na kuagiza. Mtu aliyepigwa picha vibaya angeweza kumjia dukani na kulalamika. Mimi naamini lile pengo kati ya miili lilitokana pia na hofu hiyo. Wavulana wa Munkácsi hawakuwa na duka la kwenda.

Mwezi uliopita nilirudi Kibirizi. Safari hii sikumwomba mtu akimbie. Nilikaa mchangani karibu na vichanja vya dagaa tangu saa kumi, mpaka mitumbwi ilipoanza kutengeneza taa za usiku, na jua likashuka kwenye milima ya ng'ambo. Mistari ya kioo niliizima. Nilichuchumaa chini sana ili vichwa vipate anga, nikangoja miili iachane. Watoto walinisahau. Kati ya picha arobaini na kitu, ipo moja: watatu, kwa nyuma, weusi tititi kwenye maji ya dhahabu. Milima imo.

Nikampelekea mama mdogo bila kusema neno. Akaishika simu mbali kidogo, kama anavyofanya siku hizi. “Huyu wa katikati,” akasema, “si mjukuu wa yule mwuza mafuta ya mawese? Ona anavyotupa mguu wa kushoto. Babu yake alikuwa anakimbia hivyo hivyo.”