Nguvu na Nia: Juu ya Watu Wasioeleweka Katika Hadithi

Mtu wa hadithi anapopewa nguvu zipitazo uwezo wa binadamu, swali la kwanza la msomaji huwa hili: aweza kufanya nini? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa miujiza imekuwa chumvi ya hadithi tangu zamani. Lakini lipo swali la pili, nalo ndilo lipimalo akili ya msomaji: kwa nini ayafanya hayo? Aliyeridhika na swali la kwanza ameona mlango tu, na wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba nguvu za mwujiza aghalabu ndizo zimfichazo mtu wa hadithi, na nia yake ndiyo imfunuayo. Tena nataka kuonyesha kwamba kuifahamu nia ya mtu si sawa na kumwondolea hatia.

Vijana wa Kataboi, kando ya magharibi ya Ziwa Turkana, kama wenzao wa Lodwar na Kakuma, wamezizoea hadithi za Kijapani ziitwazo anime. Hizo ni picha zilizochorwa zikapewa mwendo na sauti hata zikawa kama watu hai. Kijana mmoja hushika simu, na wenziwe watano wakainama juu ya bega lake. Mzee apitaye akaona mtu mwenye macho mekundu akitoa moto kinywani husema kwamba hayo ni mambo ya shetani, akaenda zake. Vijana nao hubishana mpaka jioni nani amshinda nani. Mzee amechukizwa na vijana wamefurahi, lakini kosa lao ni moja. Wote wametazama nguvu, wala hawakuuliza nia.

Natwae mfano katika hadithi ijulikanayo sana miongoni mwao, Naruto, iliyotungwa na kuchorwa na Masashi Kishimoto wa Japani. Ilitolewa katika jarida kuanzia mwaka 1999 hata mwaka 2014, ikajaza vitabu 72. Nayo picha zake za kutembea zilianza kuonyeshwa mwaka 2002. Humo wamo watu wengi wa ajabu, lakini nitawatazama wawili tu, Gaara na Itachi, kwa sababu wote wawili wamevikwa vazi la uovu, na vazi hilo halikuwa kipimo cha mwili wao.

Gaara ni mtoto wa nchi ya jangwa. Kabla hajazaliwa, baba yake, aliyekuwa mtawala wa kijiji chao, aliamuru zimwi la mchanga litiwe ndani yake ili mtoto awe silaha ya kijiji. Mama yake alikufa katika uzazi. Mtoto akakua na mambo mawili ya ajabu. La kwanza, hakuthubutu kulala, maana akilala zimwi lingemla nafsi yake. Kwa hiyo macho yake yamezungukwa na weusi wa kukesha. La pili, mchanga ulimkinga wenyewe. Jiwe likirushwa, kisu kikija, mchanga uliinuka ukakinga, hata kama yeye hakutaka. Watoto wenziwe walimkimbia. Alipokuwa na miaka sita, mjomba wake aliyemlea alijaribu kumwua usiku kwa amri ya baba, akamwambia kwamba hakupendwa kamwe, wala na mama yake. Usiku ule mtoto alijichora kwa mchanga alama ya neno upendo juu ya kipaji cha uso, akaazimia kujipenda mwenyewe peke yake na kuwaua wengine wote.

Tunapokutana naye kwanza hatuyajui haya. Twamwona amekunja mikono, mchanga wake ukivunja mkono na mguu wa kijana mwenziwe shindanoni, naye hasikitiki. Twamhukumu kuwa mnyama. Lakini mtungaji ametuwekea ushahidi mbele ya macho tangu mwanzo: weusi wa macho na neno lile la kipajini. Mtu asiyetaka upendo angejiandika upendo kwa nini? Huo ndio ustadi wa kusifiwa. Siri ya Gaara haikuletwa baadaye kutoka mbali ili kututoa machozi. Ilikuwako usoni pake, nasi ndio tuliokosa kuisoma.

Baadaye Gaara ashindwa na Naruto, kijana ambaye naye alizaliwa na kutiwa zimwi na akakua bila rafiki. Kinachombadilisha si kipigo. Ni kutambua kwamba mtu mwenye maumivu yale yale amechagua njia nyingine. Gaara apata kuwa mkuu wa kijiji kile kile kilichomwogopa. Siku adui alipoangusha bomu kutoka angani, aliinua mchanga mwingi ukafunika kijiji chote, akashikwa mateka kwa sababu alitumia nguvu zake kuwakinga wengine. Mwisho, katika vita vikuu, baba yake aliyefufuliwa amkiri kwamba maneno ya mjomba yalikuwa uongo alioamuru yeye. Mama alimpenda mwanawe, na mchanga uliomkinga siku zote ulikuwa mapenzi ya mama huyo.

Sisi tuliokaa Turkana tuna sababu ya kuielewa hadithi hii kuliko wasomaji wa nchi za majani. Twaujua mchanga kwa uso wake mbaya. Upepo ukivuma kutoka ziwani huutia machoni, hufunika njia, hujaza sufuria. Mgeni husema kwamba ni laana ya nchi. Lakini wakati wa kiangazi mama zetu hushuka katika mto mkavu, wakachimba mchanga huo huo kwa mikono na bakuli mpaka maji yakachimbuka chini. Mto uliokufa kwa macho ulikuwa umeyahifadhi maji ndani yake. Kishimoto hakubadili mchanga wa Gaara kutoka mwanzo wa hadithi hata mwisho. Alichobadili ni nia ya mwenye kuutumia, na ujuzi wa sisi tunaoutazama.

Itachi ni habari nyingine, na hapa sifa zangu zapungua. Huyu ndiye mwenye macho mekundu na moto wa kinywani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alipoua ukoo wake wote kwa usiku mmoja, wazazi wake wakiwamo, akambakiza mdogo wake Sasuke na kumwambia amchukie. Sasuke aishi kwa chuki hiyo miaka mingi. Baada ya Itachi kufa ndipo aambiwapo kweli: ukoo ule ulikuwa ukipanga kupindua serikali ya kijiji, na kijana aliwekwa katika njia panda, ama vita ambavyo vingewaua wote, ama awaue jamaa zake na mdogo wake asalimike. Alichagua la pili, akalibeba jina la mwuaji kimya, na nguvu za macho yake zilikuwa zikimla, kila alipozitumia akizidi kuukaribia upofu.

Vijana wengi hulia hapa, na wengi husema kwamba Itachi ndiye mtu mwema kuliko wote katika hadithi nzima. Nawauliza: waliouawa usiku ule walikuwa nani? Walikuwamo walioshiriki njama, lakini walikuwamo pia wazee na watoto wasiojua njama wala silaha. Hadithi yatuonyesha machozi ya Itachi kwa karibu sana, bali wale waliokufa twawaona kwa mbali, wamelala njiani, hawana majina. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Na hapa ngozi imevutwa upande wa mwuaji kiasi kwamba waliouawa hawasikiki. Hilo naliona kuwa upungufu wa kazi hii. Nia yaweza kueleza tendo bila ya kulitakasa.

Hata hivyo mtungaji hakulala kabisa. Itachi arudishwapo duniani kwa uchawi, yeye mwenyewe akiri mbele ya mdogo wake kwamba alikosea kumdanganya na kutaka kubeba kila jambo peke yake. Vijana wengi hupita mahali hapo upesi, kwa kuwa hapana mapigano makubwa ya kusifia. Kwangu mimi ndipo penye uzito. Mpenzi wa Itachi amwondolea kosa, lakini Itachi mwenyewe halikatai. Msomaji asiwe mpole kuliko mkosaji aliyetubu.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Wajapani tu. Hadithi zetu zimejaa watu wa namna hii, ila tumezizoea mno hata hatuulizi. Wajaluo wasimulia habari za Lwanda Magere, shujaa wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, mikuki ikimpiga na kuanguka. Majirani waliokuwa wakipigana naye, ambao Wajaluo waliwaita Lang'o, walimpa binti yao mzuri awe mkewe. Siku moja Magere aliugua, akamwomba mke huyo amchanje, si mwilini bali kivulini. Damu ikatoka kivulini. Usiku mke akatoroka, akawapasha watu wake habari, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akafa akageuka jiwe.

Husimuliwapo hadithi hii darasani, wanafunzi humlaani mwanamke yule kwa sauti moja. Wamemwita msaliti. Lakini ni nani aliyeuliza nia yake? Alitolewa kwao kama zawadi, akapelekwa kukaa na mtu aliyekuwa akiwaua ndugu zake. Kama hadithi ingalisimuliwa upande wa pili wa mpaka, yeye ndiye angalikuwa shujaa aliyekwenda peke yake, bila mkuki, mahali ambapo majeshi yalishindwa. Sisemi kwamba Magere hakudhulumiwa. Alimwamini mkewe akiwa mgonjwa, na kuvunja imani ya mgonjwa ni jambo zito. Nasema kwamba tumempa mmoja nguvu na jina, na mwingine tukamnyima hata jina.

Karibu zaidi na hapa, Waturkana wakumbuka habari za Lokerio, mwaguzi mkuu wa karne ya kumi na tisa. Simulizi zasema kwamba alilipiga ziwa kwa fimbo, maji yakagawanyika, na vijana wa Turkana wakavuka kwa miguu, wakaleta ngamia kutoka ng'ambo. Mtoto wa Kataboi asimamaye ufukoni, akatazama maji hayo yasiyoonyesha mwisho, hupendezwa na fimbo. Na apendezwe. Lakini akikua yampasa kuuliza mambo mawili. Kwa nini ngamia? Kwa sababu katika nchi ya ukame ngamia hutoa maziwa wakati ng'ombe amekwisha anguka, na mwenye ngamia huwavusha watoto wake kiangazi. Na la pili: wale walioamka asubuhi ng'ambo ile wakakuta ngamia wao hawako, wao waliiitaje fimbo ya Lokerio? Huku ilikuwa mwujiza wa uhai. Kule ilikuwa njaa. Ziwa ni moja, na pwani zake ni mbili.

Basi msomaji kijana akumbuke mambo matatu anapokutana na mtu wa ajabu katika hadithi. Aitazame nguvu yake, kisha aulize ilimgharimu nini mwenyewe, na ilimfaa nani. Aitafute nia yake katika ishara ndogo zilizotangulia, asingoje kuambiwa mwishoni. Na akiisha kuifahamu nia hiyo, awakumbuke walioumizwa, ili huruma yake isiwe dhuluma mpya juu yao.

Haya si mambo ya kitabuni peke yake. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akisinzia darasani kila asubuhi, macho yake mazito, hajibu swali wala hachezi na wenziwe. Wenziwe walinong'ona kwamba ana jini, wakaacha kuketi karibu naye. Mimi sikuamini jini, nikajiona mwenye akili kuliko wao. Lakini nilimwita mvivu mbele ya darasa zima, tena si mara moja. Baadaye nilipata habari kwamba usiku alikuwa ziwani na mjomba wake akivuta nyavu, kwa kuwa samaki wale ndio waliolisha nyumba yao na kununua madaftari yake. Wenziwe walikosea kwa kumpa nguvu asizokuwa nazo. Mimi nilikosea kwa kutomwuliza. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, maana ndipo nilipomtukana. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari lake.

Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuwafundisha wanafunzi habari za Lwanda Magere miaka kadhaa, wala sikuwa nimepata kuwauliza juu ya yule mke. Sasa huwauliza kila mwaka.