Siku Isiyohesabiwa

Kwenye chemba ya mawakili niliyoanzia kazi, Dar es Salaam, samansi ikiingia haikwenda kwanza kwa wakili. Ilikwenda kwa karani mzee, naye hakuanza na madai. Aliigeuza nyuma, akatafuta sahihi ya aliyeipokea na tarehe iliyo chini yake. Mteja akisema aliletewa "usiku wa Ijumaa", mzee alimwuliza taratibu: ni Ijumaa yenyewe, au Alhamisi jua lilipokwisha kutua? Kwa watu wa pwani usiku hutangulia mchana wake. Sheria hubadili tarehe saa sita usiku. Hapo pana tofauti ya siku nzima.

Kalenda yake ilikuwa ya ukutani. Siku ya kupokea samansi aliizungushia duara kwa penseli na kuiacha bila namba, kwa kuwa haihesabiwi. Moja inaanzia kesho yake. Nakumbuka samansi iliyopokelewa Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024. Mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Penseli ikatembea, tisa ni moja, kumi ni mbili, mpaka ya ishirini na moja ikaangukia tarehe 29: Ijumaa Kuu. Siku ya mwisho ikiwa ya mapumziko, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Jumamosi haimo, Jumapili ni Pasaka, Jumatatu bado ni sikukuu. Basi Jumanne, tarehe 2 Aprili.

Sisi vijana tulishafurahia siku nne za bure. Yeye akachukua kalamu nyekundu, akaandika 28.

"Tarehe 2 ni ya dharura, mwanangu. Ya kazi ni hii."

Nyaraka zinawasilishwa kwa mtandao siku hizi, na kanuni za 2018 zilikubali hadi kabla ya saa sita usiku. Hilo halikumlegeza. Alijua kwamba mdaiwa aliyepitwa na muda ana siku saba tu za kuomba aongezewe, tena kwa sababu za msingi, na akikubaliwa haongezewi zaidi ya siku kumi. Na kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri lililofunguliwa nje ya muda hutupwa hata kama upande wa pili haukusema neno.

Nilichokipenda zaidi ni alivyokataa kubadilisha siku kuwa miezi. Rufaa ya siku 90 watu huiita ya miezi mitatu, na mara nyingi hawapatwi na kitu. Sasa chukua hukumu ya tarehe 1 Desemba. Iliyotolewa 2022, siku ya tisini ni tarehe 1 Machi. Iliyotolewa 2023, ni tarehe 29 Februari, kwa sababu 2024 ulikuwa mwaka mrefu. Kweli, siku za kusubiri nakala ya hukumu na tuzo hutolewa kwenye hesabu, lakini yeye hakuanza na msamaha. Alihesabu kana kwamba haupo, kisha akautafutia ushahidi.

Ushahidi huo ndio uliomfanya awe mkali kuhusu rufaa za Mahakama ya Rufani. Notisi ni ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi kuwasilishwa. Muda wa kuandaliwa nakala za mwenendo huondolewa kwa cheti cha Msajili, lakini kwa yule tu aliyeziomba kwa barua ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala ya barua hiyo akampelekea mjibu rufaa. Barua ya mistari minne, nayo imebeba rufaa nzima. Mzee aliipeleka mwenyewe, akasimama hadi nakala yake igongwe muhuri, akausoma muhuri palepale dirishani kuhakikisha tarehe inasomeka.

Jioni alirudi kwenye kalenda na kuhesabu upya, safari hii kinyumenyume, kutoka kwenye wino mwekundu hadi kwenye duara, midomo ikicheza bila sauti. Hapo hakuna aliyemsemesha.