"Haiwaki": Upungufu wa Istilahi za Ufundi wa Kompyuta

Istilahi hupimwa kazini. Orodha yaweza kupendeza kitabuni, lakini fundi asipoweza kuitumia kueleza hitilafu, kazi ya waundaji haijakamilika. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi zetu kwa kisa kimoja: kompyuta iliyounganishwa upya, feni zake zinazunguka, taa zake zinawaka, lakini kioo ni cheusi.

Jambo hili si dogo kwa mikoa ya kati. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, na Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, haja ya mafundi imekua. Tuseme shule iliyoko Kondoa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dodoma mjini, inampigia fundi simu. Neno litakalosemwa ni moja: "Haiwaki." Neno hilo limebeba hitilafu tatu zisizofanana: umeme haufiki kabisa; umeme unafika lakini hapana picha; au picha ipo lakini mfumo endeshi hauanzi. Fundi atabeba saplai mpya, naye akifika atakuta waya wa monita umechomekwa kwenye bodi mama badala ya kadi ya picha. Nauli imepotea, siku imepotea, na mwenye kulipa ni shule.

Tulitazame neno "kiwambo". Ni neno zuri, lenye asili katika kuwamba. Wanawake wa Kigogo wapigao muheme wanaijua vema kazi ya ngozi iliyowambwa. Lakini je, kiwambo ni uso unaotazamwa, au ni chombo kizima chenye umeme wake na waya wake? Katika hitilafu hii tofauti hiyo ni kubwa, kwani chombo chaweza kuwa kizima huku hakipokei ishara yoyote. Mafundi wametutangulia: uso huuita kioo, na chombo huuita monita.

Dhaifu zaidi ni "kumbukumbu". Neno hili hutumika kwa kumbukumbu za mkutano, kwa kifaa kinachosahau yote umeme unapokatika, na kwa kifaa kinachohifadhi. Ramu isiyokaa barabara mahali pake ni miongoni mwa sababu za kawaida za kioo cheusi katika kompyuta mpya. Mwongozo ukiagiza, "Chomoa kumbukumbu, kisha uirudishe," msomaji atachomoa diski yenye hati zake, na hitilafu itabaki palepale.

"Bodi mama" ni tafsiri ya neno kwa neno, na "ubao mkuu" ungeeleza vizuri zaidi. Hata hivyo neno limekwisha kuzoeleka, wala halimpotezi mtu; yafaa liachwe.

Upungufu huu una chanzo chake. Juhudi zetu zilielekea zaidi kwa mtumiaji kuliko kwa fundi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifanya kazi ya kusifiwa, lakini ilikuwa kazi ya programu. Aidha, tumebishana mno juu ya "tarakilishi", neno lililozoeleka katika shule za Kenya, na "kompyuta", tunalolitumia hapa. Tumegombania jina la sanduku tukasahau vilivyomo ndani yake.

Tunapendekeza basi hitilafu zitenganishwe: haipokei umeme, haionyeshi, haianzi. Kinachosahau kiitwe ramu, na kinachotunza kiitwe hifadhi. Tuyajaribu maneno hayo: "Kompyuta inapokea umeme lakini haionyeshi. Hakikisha monita imewashwa. Hakikisha waya wake umechomekwa kwenye kadi ya picha, kama ipo. Zima, uchomoe waya wa umeme ukutani. Toa ramu zote, urudishe moja na kuikandamiza mpaka ibane. Tazama kama waya wa umeme wa prosesa umeunganishwa. Kisha washa tena." Maagizo hayo yaweza kusomwa kwa simu, na mwalimu wa Kondoa akayafuata bila kumngoja fundi.

Hapana budi, kabla ya kusanifu istilahi za ufundi, Baraza liketi na mafundi wenyewe, bisibisi mkononi. Wao ndio watakaojua mapema zaidi neno lipi linafanya kazi na lipi halionyeshi kitu.